Bandama Husema, Utumbo Hunyamaza

Mtu aliyepigwa teke la tumbo, aliyebanwa na usukani wa lori au aliyeangukia mpini wa pikipiki anaweza kufika hospitali akitembea kwa miguu yake, ngozi ya tumbo ikiwa haina hata mchubuko, kumbe utumbo wake mwembamba umeshatoboka. Huyo ndiye mgonjwa ninayetaka kumfuatilia katika historia ya Dar es Salaam, hasa katika viunga vya Kinondoni na Temeke, kwa sababu historia yake husimuliwa kombo. Mara nyingi husimuliwa kama historia ya vyombo: ilikuja eksirei, ikaja sindano ya kuchota majimaji ya tumboni, ikaja ultrasaundi, sasa imekuja mashine ya CT, na kila kimoja kikawaokoa wale walioponyoka machoni pa kilichotangulia. Usimulizi huo ni wa kweli kwa kiasi kikubwa tukizungumzia damu. Kwa utumbo haufai. Karibu vyombo vyote hivyo, vilipoelekezwa kwenye tumbo la majeruhi, vilikuwa vikitafuta kwanza damu inayovuja kutoka kwenye bandama au ini, na utumbo uliotoboka ukabaki ukigunduliwa kwa njia ya zamani: kumlaza mgonjwa, kulibonyeza tumbo, kuondoka, kurudi baada ya saa chache na kulibonyeza tena. Kwa hiyo anayetaka kuelewa hatari aliyokuwa nayo majeruhi wa Tandika au Manzese katika mwongo wa 1970 asianze na orodha ya mashine. Aanze na swali la kitanda: mtu huyo angelazwa wapi usiku ule, na nani angerudi kumtazama?

Sababu ya ukimya wa utumbo iko katika maumbile yake. Bandama na ini ni nyama iliyojaa damu. Vikipasuka, damu humwagika, mapigo ya moyo huenda mbio, midomo hupauka, na ndani ya saa chache hata ndugu asiye na ujuzi anajua kwamba mtu wao anakwisha. Utumbo ni mrija. Pigo linaweza kuuponda dhidi ya uti wa mgongo, au kuupasua kwa mgandamizo pale kipande chake kinapozibwa pande zote mbili kikiwa kimejaa, au kuuchana karibu na mahali uliposhikiliwa, kama pale utumbo mwembamba unapoanza na pale unapokutana na utumbo mpana. Yaliyomo katika utumbo mwembamba hayana vijidudu vingi, wala hayachomi kama tindikali ya tumbo la chakula. Yakivuja, mgonjwa huumwa, lakini kwa saa kadhaa maumivu hayo hayatofautiani sana na ya misuli iliyopigwa. Ndipo uchafuzi unaposambaa, homa inapanda, tumbo linajaa na kuwa gumu kama ubao. Zaidi ya hapo kuna jeraha lenye hila kuliko yote, la utando unaobeba mishipa ya damu ya utumbo: utando huchanika leo, kipande cha utumbo hukosa damu, kikafa na kutoboka baada ya siku mbili au tatu. Aristotle, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alishaandika kwamba matumbo ya kulungu ni dhaifu kiasi cha kupasuka kwa pigo bila ngozi kuchanika. Kwamba jambo hili lipo haijawahi kuwa siri. Kilichokuwa kigumu daima ni kulijua kwa wakati.

Katika pwani ya Afrika Mashariki ugumu huo uliongezewa na malaria. Mahali ambapo watu huugua malaria tangu utotoni, bandama nyingi huvimba, na bandama iliyovimba hupasuka kwa pigo dogo ambalo lisingemdhuru mtu mwingine. Waganga wa kikoloni walilijua hilo vizuri. Nchini India bandama iliyopasuka ilikuwa hoja maarufu mahakamani pale Mzungu aliposhitakiwa kumuua mtumishi kwa teke au ngumi, na utetezi ukawa kwamba mkosaji ni ugonjwa, si mguu uliopiga. (Bandama ya marehemu ilitolewa ushahidi dhidi ya marehemu mwenyewe.) Daktari aliyefunzwa katika mapokeo hayo, akiletewa kuli aliyeangukiwa na mzigo bandarini au mgema aliyeporomoka kutoka kwenye mnazi, alijiuliza kwanza: je, bandama? Swali hilo lilikuwa la busara na limeokoa watu wengi. Lakini lilijenga mazoea ya kuona kwamba mgonjwa ambaye bado hajapauka baada ya saa 6 ameivuka hatari. Kwa bandama, kupita saa 6 ukiwa imara ni dalili njema, ingawa hata hiyo huweza kupasuka baadaye. Kwa utumbo, saa ya 6 ndipo mambo yanaanza.

Sasa tuangalie mji wenyewe ulivyopangwa, maana mpangilio wa mji ndio ulioamua nani atatazamwa mara ya pili. Wajerumani walijenga hospitali ya Ocean Road mwishoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya Wazungu, ikielekea bahari na upepo wake. Waafrika na Wahindi walikuwa na hospitali iliyojengwa kwa fedha za Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyefariki mwaka 1897. Waingereza waliendeleza mgawanyo huo wa Uzunguni, Uhindini na Kariakoo, na baada ya Vita Kuu ya Pili, idadi ya watu ilipozidi, wakajenga makazi mapya ya Waafrika nje ya Kariakoo na Ilala: Magomeni, Temeke na Kinondoni ni zao la mwongo wa 1950. Waliohamia huko walipata nyumba, mabomba ya maji ya pamoja na zahanati. Hospitali kubwa mpya iliyofunguliwa mwaka 1956 kwa jina la Princess Margaret, ambayo baada ya uhuru ikawa Muhimbili, iliwekwa Upanga, jirani na mji wa zamani. Jina la Sewa Haji lilihamia huko pia na hadi leo liko kwenye jengo la wodi. Hivyo viunga vilizaliwa vikiwa na watu wengi mbali na chumba cha upasuaji, na umbali huo ulikua kadiri mji ulivyokua. Mkoa wa Dar es Salaam ulihesabiwa watu wapatao 356,000 mwaka 1967, zaidi ya 843,000 mwaka 1978, na zaidi ya milioni 4.3 mwaka 2012. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo haikukaa Upanga. Ilikaa Manzese, Tandale, Mbagala, Yombo, na baadaye Tegeta, Bunju na Chamazi.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967 serikali ilichukua uamuzi ambao kwa nchi nzima ulikuwa sahihi: fedha za afya zisiishie kwenye hospitali kubwa za mijini, ziende kwenye zahanati na vituo vya afya vijijini. Oscar Gish, aliyefanya kazi ya mipango ya afya nchini, aliutetea mwelekeo huo kwa takwimu katika kitabu chake cha 1975, na kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 iliupeleka redioni na kwenye vikundi vya kujisomea. Sina ubishi na uamuzi huo. Kuhara, surua na malaria viliua wengi mno kuliko utumbo uliotoboka, na havikuhitaji kisu. Ila viunga vya Dar es Salaam vilijikuta havina pa kusimama ndani ya mpango. Havikuwa kijiji, hivyo si vilivyokusudiwa na siasa ya vijijini. Na kwa kuwa viko mjini, ilichukuliwa kwamba Muhimbili inavihudumia. Mwananyamala, Temeke na Amana zilianza kama zahanati na vituo vya afya, zikapanda kuwa hospitali za wilaya, lakini kwa miaka mingi upasuaji mkubwa ulibaki Muhimbili. Wakati huohuo madaktari wasaidizi, ambao Tanzania ilianza kuwafundisha katika mwongo wa 1960, walikuwa wakifungua matumbo katika hospitali za wilaya mikoani. Si ajabu, basi, kudhani kwamba kwa jeraha hili mahususi, mtu aliyelazwa katika mji mdogo wa mkoani, wodini, jirani na chumba cha upasuaji, chini ya jicho la daktari msaidizi yuleyule asubuhi na jioni, alikuwa na nafasi nzuri kuliko mkazi wa Mtoni aliyeishi kilomita chache kutoka hospitali ya taifa.

Nasema hivyo kwa sababu vyombo vilivyokuwepo havikuweza kuziba pengo la kitanda. Eksirei ya kifua, mgonjwa akiwa amesimama, huonyesha hewa iliyotoroka na kujikusanya chini ya kiwambo, na ikionekana hakuna mjadala. Lakini utumbo mwembamba una hewa kidogo. Wengi wenye utumbo uliotoboka kwa pigo hawaonyeshi hewa hiyo, hasa mapema. Mwaka 1965 David Root na wenzake wa Minnesota, Marekani, walieleza njia ya kuingiza mrija mwembamba chini ya kitovu, kumimina lita moja ya maji ya chumvi tumboni, kisha kuyarudisha na kuyachunguza. Ilikuwa njia nzuri kwa nchi maskini, maana haikuhitaji umeme, na kitabu cha upasuaji wa majeraha cha Maurice King na wenzake, kilichotoka 1987 kwa ajili ya madaktari wa hospitali za wilaya, kiliifanya ijulikane Afrika Mashariki. Ikitoka damu, jibu limepatikana palepale. Kwa utumbo jibu ni la mzunguko: unatafuta rangi ya nyongo, mabaki ya chakula, au wingi wa chembe nyeupe za damu, zaidi ya 500 katika milimita moja ya ujazo. Chembe hizo huchukua saa 3 au zaidi kukusanyika. Ukiosha tumbo mapema mno, maji hurudi meupe na wewe unatulia. Njia iliyosifiwa kwa wepesi wake ilidai kitu kilekile ambacho zahanati haikuwa nacho, yaani muda wa kumweka mgonjwa.

Je, muda huo una uzito gani kwa kweli? Takwimu zilizo wazi kuliko zote zimetoka Marekani. Mwaka 2000 Samir Fakhry na wenzake walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 198 kutoka hospitali 8, wote wakiwa na jeraha la utumbo mwembamba lililotokana na pigo butu. Waliopasuliwa ndani ya saa 8 walikufa kwa asilimia 2. Kati ya saa 8 na 16 vifo vilifika asilimia 9. Kati ya 16 na 24, karibu 17. Zaidi ya siku moja, asilimia 31. Msomaji anaweza kupinga kwamba hizo ni hospitali tajiri na Temeke si Virginia. Ni kweli, ila upinzani huo unaelekea upande wangu. Kama kwenye damu ya kuongezewa, dawa za vijidudu na vyumba vya wagonjwa mahututi bado kuchelewa kwa siku moja kunazidisha vifo mara 15, mahali pasipo na hivyo hapawezi kuwa na huruma zaidi. Mwingine atasema waliochelewa labda walikuwa na majeraha mengine mabaya yaliyomshughulisha daktari. Watafiti walilifikiria hilo pia, na waliona kwamba karibu nusu ya vifo vyote ilitokana moja kwa moja na kuchelewa kuligundua jeraha la utumbo.

Tukichukua saa 8 kama kipimo, tunaweza kuzihesabu saa zilivyotumika viungani bila kumlaumu mtu mmoja. Kwanza ni saa za nyumbani, kwa kuwa aliyepigwa na hatoki damu hana sababu ya kuondoka. Anakwenda duka la dawa baridi, ananunua Panadol au diklofenaki, maumivu yanapungua. Zachary Cope, katika kitabu chake cha 1921 kuhusu tumbo la dharura, aliwaonya madaktari wasilaze dalili usingizi kwa afyuni kabla hawajaamua. Hakuwaza kwamba siku moja mgonjwa angejilaza mwenyewe dalili hizo kwa vidonge vya shilingi mia. Pili ni saa za polisi. Aliyejeruhiwa kwa kupigwa au kwa ajali anatakiwa kuwa na PF3, fomu ya polisi inayotumika kama ushahidi, na ingawa mwenye hali mbaya hutakiwa kutibiwa kwanza, mwenye tumbo lililopigwa bado haonekani mwenye hali mbaya. Hakuna fomu iliyomuua mtu yeyote. Lakini anayetembea mwenyewe ndiye anayeweza kuambiwa aanzie kituoni. Tatu ni saa za vipimo visivyohusika: akija siku ya pili ana homa na tumbo linauma, katika mji huu atapimwa malaria, atapimwa homa ya matumbo, na huenda moja ikaonekana, kwa kuwa vimelea vya malaria vinaweza kuwemo kwenye damu ya mtu ambaye kinachomuua ni kingine. Nne ni saa za fedha. Uchangiaji wa gharama ulianza 1993, baada ya takriban miaka 30 ya matibabu ya bure katika vituo vya serikali, na familia ikaanza kupima kama maumivu haya yanastahili kitanda cha kulipia. Mwisho ni saa za barabara, Kilwa, Morogoro na Bagamoyo, ambazo kila aliyewahi kukaa kwenye foleni anazijua.

Aina ya mapigo nayo ilibadilika, na si kwa upande mzuri. Daladala ziliporuhusiwa rasmi mwaka 1983, baada ya Usafiri Dar es Salaam kushindwa kubeba mji uliokuwa ukifurika, abiria wengi walisafiri kwenye magari ya mizigo yaliyogeuzwa, yale ya chai maharage, wakikaa kwenye mabenchi wakitazamana magoti kwa magoti. Ajali zake ziliwaumiza wengi kwa pamoja, mara nyingi kwa majeraha makubwa ya mifupa na kichwa, yasiyofichika. Pikipiki za abiria, zilizoruhusiwa kisheria kuelekea 2010 na kuwa tegemeo la viunga ambavyo daladala hazifiki, zilileta pigo la namna nyingine. Mwisho wa mpini wa pikipiki ni mdogo, mgumu, na hupiga sehemu moja tu ya tumbo kwa nguvu yote ya mwendo. Ni pigo la kutoboa utumbo bila kuvunja mbavu. Mtindo wa kubeba mishikaki, abiria wawili au watatu nyuma ya dereva, unaongeza uzito unaomsukuma wa mbele kwenye mpini huo. Halafu kuna lile ambalo magazeti yetu huliandika kwa maneno yaleyale kila mara, wananchi wenye hasira kali. Mtuhumiwa aliyepigwa mateke tumboni mtaani na kuokolewa na polisi anaanzia mahabusu, na huko ndiko saa zake 8 zinakoishia. Sidhani kuna kundi la majeruhi linalotazamwa mara ya pili kwa uchache kuliko hilo.

Januari 2010 Muhimbili ilifungua idara ya dharura iliyokamilika, ya kwanza ya namna yake katika hospitali za umma nchini, na mwaka huohuo mafunzo ya madaktari bingwa wa tiba ya dharura yakaanza katika chuo kikuu cha Muhimbili. Hili lilikuwa badiliko kubwa, na mtu akilipuuza ili kuokoa hoja yake ataandika historia mbovu. Ultrasaundi ikahamia kutoka chumba cha picha hadi pembeni ya machela. Kwa dakika chache daktari anaona kama kuna majimaji kati ya ini na figo, karibu na bandama, au nyuma ya kibofu. Majeruhi wa bandama ambaye zamani angesubiri sasa hupelekwa moja kwa moja kwenye upasuaji. Lakini tazama kinachotafutwa: majimaji, na kwa kawaida majimaji hayo ni damu. Utumbo wenye tundu dogo humwaga kiasi kidogo ambacho mashine inaweza isikione, na hewa iliyotoka huziba picha badala ya kuifafanua. Picha safi inajibu kwamba mgonjwa havuji damu nyingi kwa sasa. Haijibu swali letu. Hatari ya picha safi ni kwamba hutolewa na mashine, ikawa na heshima ambayo kiganja cha mkono hakina, na mgonjwa anayesema bado naumwa anaonekana kubishana na ushahidi.

Hapa ndipo pingamizi kubwa linaponikabili. Utaambiwa: yote hayo yamepitwa na wakati, CT imefika. Mashine hiyo iliyotokana na kazi ya Godfrey Hounsfield na kutumika kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza London mwaka 1971 ilibaki Dar es Salaam kwa muda mrefu kuwa kitu cha hospitali chache. Kisha katika miaka hii ya 2020 serikali ikaanza kuzisambaza kwenye hospitali za rufaa za mikoa, ikitumia pia sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa kukabiliana na athari za UVIKO-19. Hospitali za viunga nazo, zilizopandishwa hadhi kuwa za rufaa za mkoa, si zile zahanati za mwongo wa 1950. Nakubali kwamba CT ndiyo chombo cha kwanza kinachouona utumbo wenyewe: ukuta ulionenepa, hewa nje ya mrija, utando uliovilia damu, majimaji bila jeraha la ini wala bandama. Lakini hata katika hospitali za Marekani zilizokuwa nazo miaka mingi, uchunguzi mkubwa wa Fakhry na wenzake uliochapishwa 2003 ulikuta kwamba asilimia 13 ya waliokuwa na utumbo mwembamba uliotoboka picha yao ya CT ilionekana ya kawaida kabla ya upasuaji. Mmoja kati ya wanane, kwa mashine bora na wasomaji bora wa picha. Ndiyo maana katika hospitali hizohizo mgonjwa mwenye alama ya mkanda wa gari tumboni, hata picha yake ikiwa safi, hulazwa na kuangaliwa. Mashine haikukiondoa kitanda. Ilipunguza tu idadi ya wanaokihitaji.

Pingamizi la pili ni la hesabu. Jeraha hili ni adimu; katika majeruhi wote wa pigo butu wanaolazwa, wenye utumbo au tumbo la chakula lililoumia ni takriban mmoja katika mia, na wengi zaidi mjini hufa kwa kichwa kilichopasuka na damu iliyovuja. Kwa nini basi kujenga historia juu ya wachache? Kwa sababu aliyeumia kichwa vibaya Bunju mara nyingi asingeokolewa hata kama barabara ingekuwa tupu, ilhali mwenye utumbo uliotoboka ana saa kadhaa mkononi, na upasuaji anaouhitaji, kushona tundu au kukata kipande na kuunga, uko ndani ya uwezo wa daktari wa hospitali ya wilaya tangu enzi ya penisilini. Kifo chake kinapima mfumo, hakipimi nguvu ya pigo. Pingamizi la tatu, kwamba kusifu mkono kuliko mashine ni kuufanya umaskini kuwa fadhila, nalichukulia kwa uzito zaidi. Mkono peke yake ulikosea sana. Uliwakosea walevi, waliozimia, watoto wasioweza kueleza na waliovunjika mbavu, ambao tumbo lao huuma kwa sababu nyingine. Na ulifungua matumbo mengi yaliyokuwa mazima, kosa lenye gharama yake. Ninachodai ni kidogo kuliko sifa: kwamba mkono unaorudi ni chombo chenye masharti yake, yaani wodi, muuguzi, kumbukumbu iliyoandikwa na chumba cha upasuaji cha karibu, na kwamba masharti hayo katika viunga vya Dar es Salaam hayakuwahi kuhesabiwa kama vifaa, ndiyo maana yalinunuliwa mwisho.

Limebaki suala la ushahidi, ambalo mwanahistoria hawezi kulikwepa. Vitabu vya wodi vilijazwa kwa walioingia wodini. Kuanzia 1992 mradi wa AMMP ulifuatilia vifo vya watu wazima katika sehemu za Dar es Salaam, ikiwemo mitaa ya Temeke, pamoja na Hai na Morogoro Vijijini, ukiwahoji ndugu wa marehemu ili kukisia chanzo cha kifo, kwa kuwa wengi walifia nyumbani. Kazi hiyo ilionyesha kwamba majeraha ni sababu kubwa ya vifo vya watu wazima kuliko ilivyodhaniwa. Lakini mahojiano ya namna hiyo hutofautisha kwa shida aliyekufa kwa homa na tumbo kujaa siku ya 5 baada ya kupigwa na aliyekufa kwa homa na tumbo kujaa bila kupigwa. Ndugu akisahau kutaja ugomvi wa wiki iliyopita, au akiona vema kutoutaja, kifo kinahamia kwenye safu ya maradhi. Kwa hiyo hesabu zetu za jeraha hili zinaelekea upande mmoja tu, wa kupunguza. Wagonjwa waliochunguzwa na kuandikwa vizuri, kama wale 396 wa majeraha ya tumbo waliokusanywa kwa miaka 2 katika hospitali ya rufaa kaskazini-magharibi mwa Tanzania na matokeo yao kuchapishwa 2013, ni waliofanikiwa kufika. Kuhusu wale wa viunga ambao hawakufika, tunalazimika kuhukumu kwa kuangalia vitanda vilikuwa wapi, milango ilifungwa saa ngapi na zamu ziligawanywaje. Zahanati iliyofungwa alasiri haiwezi kuwa ilimpima mtu saa 2 usiku, na hilo tunalijua bila kitabu cha wodi. Zamu nazo zina jambo lao, na leo, mashine zikiwa zimefika, ndizo ningezichunguza kwanza: kanuni ya zamani inataka tumbo lipimwe tena na mtu yuleyule, kwa sababu anayelinganisha ni yule aliyeligusa mwanzo, wakati mgonjwa aliyeingia mchana huona watabibu wa zamu tatu tofauti kabla hajapambazukiwa, kila mmoja akisoma alichoandika mwenzake kuhusu tumbo ambalo yeye analigusa kwa mara ya kwanza.